Sensa Iliyokufa Husema Saba

Rehema na wenzako wa chumba cha vipimo,

Mliniomba niwaandikie maelekezo ya kutunza sensa za pH, kurasa chache za kubandika ukutani. Nimejaribu. Kila nikianza na "suuza, usifute", namkumbuka mtu aliyefuta, na kalamu inayaacha maelekezo inakwenda kwa huyo mtu. Sasa nimestaafu, hakuna wa kunikatiza, kwa hiyo mtayasoma yote. Vyeo na mishahara nimeviruka. Havina utamu, na nyie mnavijua kuliko mimi.

Kwa atakayeziokota karatasi hizi bila kujua tunazungumza nini, sensa ya pH ni kifimbo chenye urefu wa kalamu, na mwishoni kina kichwa cha kioo chembamba sana, cha mviringo, ukubwa wa njegere. Ukikichovya kwenye maji, kinapeleka umeme mdogo mno kwenye kisanduku chenye skrini, na skrini inakuambia maji hayo ni machachu kiasi gani au yana umagadi kiasi gani. Chini ya saba ni uchachu, juu ya saba ni umagadi, saba yenyewe ni katikati. Kiwandani kwetu tulikuwa nazo kwenye matangi ya juisi na ya sosi ya nyanya, kwenye maji ya boila, na kule nyuma kwenye mtaro wa maji machafu. Hiyo ya mtaroni ndiyo itakayotusumbua humu.

Siku yangu ya kwanza ilikuwa ya baridi ya Julai, ukungu umeshuka hadi mlangoni. Mimi ni mtoto wa Mlalo, baridi naijua, ila nilikuwa nimetoka chuo cha ufundi Tanga na joto la kule lilikuwa limeshaniharibu. Nilifika Lushoto na kiblauzi. Nikapewa ovaroli ya mwanamume mnene aliyekuwa ameacha kazi, nikaikunja mikono na miguu, nikaingia chumba cha vipimo nikiwa nimejikunyata ndani yake. Mezani alikaa Mzee Yeremia, mzee wa kanisa, mwimbaji wa sauti ya nne, koti lake la sufu limefungwa vifungo vyote hadi shingoni.

"Onga makeo," akaniamkia kwa Kishambaa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Chai umekunywa?"

"Bado."

"Basi hujafika. Kunywa kwanza."

Baada ya chai alinikatia kipande cha limau akaniambia nilambe. Nikalamba. Akanipa maji ya bomba, nikanywa. Akachota maji yaliyolowekwa majivu, akaniambia niguse kwa ncha ya ulimi tu. "Limau iko chini huko, kwenye mbili," akasema. "Maji yetu yako jirani na saba. Majivu yako juu, kumi na kuendelea. Kazi yako ni kuhakikisha hiki kifimbo kinaona kama ulimi wako ulivyoona. Mengine yote ni nati na waya." Nilikuwa na cheti kipya kabisa kwenye bahasha. Hakuniuliza habari zake hata siku moja, na mimi niliona aibu kuitoa.

Mambo aliyonifundisha miaka ile ya mwanzo mengi mnayafanya bila kujua yalitoka wapi. Kuikung'uta sensa mara moja kwa mkono ulionyooka ili kapovu ka hewa kapande juu, yeye. Kugusisha karatasi laini kwenye kioo ili inyonye maji, bila kusugua, yeye. Kuiloweka kwenye siki ikishika chokaa nyeupe, yeye, na siki tulikuwa nayo tele kwa sababu ya achari. Bafa, yaani yale maji ya rangi yenye pH inayojulikana, tunayosawazishia sensa, alikuwa hazitumii zikiwa za baridi. Chumba chetu hakikuwa na hita, kwa hiyo asubuhi za ukungu alizitia chupa ndani ya koti, moja kila kwapa, akazungukazunguka nazo huku akiimba zaburi hadi zipate uvuguvugu. Nilipojaribu mimi alinitazama akasema ovaroli yangu ina nafasi ya katoni nzima.

Kosa la kwanza la kila mgeni lilikuwa moja, na lilitokana na majivuno yetu sisi watu wa mlimani. Hakuna mtu wa Usambara asiyejisifia maji. Mtu akishuka Mombo akapewa maji ya kunywa, anakunja uso. Basi mfanyakazi mpya akiambiwa ailaze sensa isikauke, anakwenda chemchemi kuichotea maji mazuri kabisa, baridi, meupe, anailaza humo kwa heshima zote. Baada ya siku chache sensa inakuwa nzito, inasoma kwa kusuasua kama imeamshwa usingizini. Ndani yake kuna chumvi inayohitaji kubaki ndani, na maji yetu hayana kitu, yanaifyonza taratibu hadi imalizike. Sensa hulazwa kwenye maji yake maalumu ya chumvi. Niliwahi kugombana na fundi wa Bumbuli aliyeona nimeyatukana maji ya kwao. Nilimwambia hata ya Mlalo ni yaleyale, akapoa.

Ukungu nao ulikuwa na visa vyake. Kulikuwa na msimu ambapo tangi la sosi lilisoma ovyo kila asubuhi na kutulia saa za jua. Tulibadilisha sensa, tukabadilisha bafa, Mzee Yeremia akabadilisha zaburi. Kumbe unyevu ulikuwa unaingia pale waya unapofungwa kwenye kisanduku, na umeme wa sensa ni mdogo kiasi kwamba tone moja linatosha kuumeza. Nilikwenda mjini saluni ya rafiki yangu, nikaazima draya ya nywele, nikakikausha kile kiungo cha waya mbele ya mhasibu aliyedhani nimerukwa na akili. Usomaji ukatulia. Draya ile sikuirudisha, nilimnunulia mwenye saluni nyingine, na ndiyo inayoning'inia ukutani kwenu hadi leo. Msiitumie kwa nywele.

Na kwa kuwa mmezoea kucheka habari hii nikiwa sipo, niiandike sawasawa: ndiyo, kuna dereva aliyekunywa bafa. Ilikuwa ile ya pinki, yenye pH ya nne. Alikuwa ametoka Korogwe na kiu, akakuta kikombe cha pinki mezani katika kiwanda cha juisi. Nani angemlaumu? Tulimkimbiza zahanati, akaambiwa anywe maji mengi, akarudi mzima akiuliza ile juisi ya pera mbona hatukuitia sukari. Tangu siku hiyo vikombe vya bafa vilifungiwa kabatini.

Mzee Yeremia alistaafu, akarudi kwake Soni kulima maharage, na chumba kikabaki kwangu pamoja na Hamisi. Hamisi alikuwa kijana mwepesi wa mikono, mwepesi kuliko mimi, na alijua hivyo. Sasa ndipo tunafika kwenye mtaro.

Maji machafu ya kiwanda, yenye uchachu wa matunda na wa ile asidi ya kuoshea mabomba, yalipita mtaroni, na huko sensa iliyapima. Yakiwa machachu, kisanduku kiliamuru pampu imwage maji ya chokaa hadi yafike saba, ndipo yaruhusiwe kutoka. Yakitoka, yaliingia kwenye mfereji wa kumwagilia wa bonde la chini. Wa kwanza kwenye mfereji ule, kichwani kabisa, alikuwa Bi Zubeda.

Bi Zubeda alikuwa mjane mwenye kitalu cha miche. Kabichi, karoti, letusi, pilipili hoho, bonde zima lilianzia kwenye matuta yake. Watu wa mfereji wana zamu ya maji, na nafasi ya kichwani hairithishwi hivihivi; unaipata kwa kuaminiwa, maana unachomwaga wewe ndicho wanachopokea wote walio chini yako. Yeye aliaminiwa kuliko wote. Nilimfahamu kwa salamu tu, nikishuka kununua hoho.

Mwaka ule kiwanda kilitangaziwa wageni wakubwa kutoka mkoani. Mnajua sisi tukisikia ugeni. Mawe ya njiani yalipakwa chokaa, nyasi zilikatwa, mbwa wa mlinzi alioshwa. Akina mama wa usafi waliongozwa na Mama Eliza, mwanamke ambaye masufuria yake nyumbani huanikwa nje yaking'aa hadi mpita njia anajiona uso. Yeye alipita kiwandani kote na majivu, mchanga na kipande cha steliwaya, akisugua kila kilichokaa kama chuma. Wakati huo mimi sikuwepo. Nilikuwa Mlalo kwenye kipaimara cha binti yangu, na likizo yangu ya mwezi mzima ilianza kabla ya steliwaya.

Niliporudi, wageni walikuwa wameshakuja na kuondoka, na kiwanda kizima kilikuwa na furaha. Meneja alinipokea langoni. Alikuwa mtu wa Kanda ya Ziwa, mwungwana, mpenda namba.

"Mama, umekosa mambo," akaniambia. "Wageni wametusifu. Mtaro unasoma saba. Saba! Asubuhi saba, mchana saba, jioni saba. Na stoo wanasema chokaa haipungui. Sijui Hamisi amefanya nini, lakini amefanya."

Mtaro ule niliujua kwa miaka. Asubuhi ya kuosha mabomba unashuka hadi tatu, pampu inanguruma, unapanda hadi nane, unajuta, unarudi. Haukuwahi kukaa kwenye namba moja hata kwa muda wa kunywa chai. Nilimuuliza Hamisi kama ameisawazisha sensa.

"Kila wiki, dada, kama ulivyoniachia," akajibu. "Nimeichovya kwenye bafa ya saba, imesema saba. Wala sikuhitaji kugusa kitu."

"Na ya nne?"

"Ya nne ya nini, wakati imesema saba barabara?"

Kabla sijamjibu, mlinzi alikuja kusema kuna mama getini na hataki kuondoka.

Alikuwa Bi Zubeda, na sinia la miche kichwani. Alilitua kwenye ngazi za ofisi. Kabichi zote zilikuwa zimeungua kingo, majani yamejikunja, mengine meupe kama yaliyomwagiwa maji ya moto. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba bila kunitazama. Meneja akatoka.

"Mama, hili tulishalizungumza," alisema kwa upole. "Nilikuonyesha kipimo mwenyewe. Maji yetu ni saba. Labda ni ugonjwa, au dawa ulizopuliza."

"Ulinionyesha, baba, na mimi nikakubali nikaondoka," akasema Bi Zubeda. "Nimebadilisha mbegu. Nimebadilisha udongo. Imeungua tena. Kesho ni siku ya kufyeka mfereji, watu wote watakuwepo. Wanasema namwaga dawa majini. Wanataka nitoke kichwani niende mkiani, na huko mkiani maji yakifika ni ya kuloweka vidole tu, kitalu hakiwezekani. Kama kosa ni langu, niambieni, nitasimama niwaombe radhi. Nimeshajiandaa kuomba. Ila nisiombe radhi kwa jambo nisilolifanya. Nimekuja mnitazamie tena, mara moja tu, halafu siwasumbui."

Meneja alifungua mdomo, na najua angesema saba. Nilimtangulia. Niliomba sisi wote twende mtaroni, na nikampeleka mtu kantini aniletee limau.

Bafa ningeweza kuzitumia, ndiyo kazi yake, lakini yule mama alikuwa ameshaonyeshwa maajabu ya kutosha ya kiwanda. Nilitaka aone kitu anachokijua. Nililikata limau mbele yake, nikalikamua kwenye kikombe, nikamwomba aonje. Akaonja, akafumba jicho moja. Nikaitoa sensa mtaroni, nikaisuuza, nikaichovya kwenye limau. Tukatazama skrini.

Saba.

Hamisi akasogea karibu. Niliisuuza tena, nikachukua majivu jikoni, nikayakoroga kwenye maji. Saba. Meneja, ambaye mpaka hapo alikuwa amekunja mikono, aliondoka, akarudi na kikombe chake mwenyewe cha chai ya rangi. Saba. Akaenda chumba cha achari, akaja na siki ndani ya bakuli, tai imemwangukia begani. Saba. Nadhani angeendelea hadi jioni, angeleta na sabuni, kama nisingeigeuza sensa juani na kumwonyesha kichwa chake. Kwenye kile kioo cha njegere kulikuwa na mikwaruzo, na katikati ya mikwaruzo ufa mwembamba, mwembamba kuliko unywele.

Hili ndilo nililotaka kuwaandikia, na lingetosha kubandikwa peke yake. Sensa ya pH ikipasuka kioo, haizimiki, haipigi kelele, haionyeshi alama ya hatari. Umeme wake unakuwa sifuri, na sifuri kwenye kisanduku ni saba. Katika namba zote ambazo ingeweza kusema ikifa, inasema ileile ambayo kila mtu anatamani kuisikia. Kisanduku kinaridhika, pampu inapumzika, stoo inafurahia chokaa, wageni wanapiga makofi. Na ukiipima kwenye kikombe kimoja tu, kile cha saba, itakujibu vizuri kabisa.

"Kwa hiyo wageni nimewaonyesha maiti," akasema Meneja polepole. Hakuna aliyecheka, ingawa baadaye tulicheka sana.

Nilileta sensa mpya. Nikaisawazisha kwenye saba, kisha kwenye nne, Hamisi ameshika vikombe vyote viwili. Nikaifunga mtaroni. Namba ilianza kushuka: sita, tano, nne, ikapita nne, ikasimama kwenye tatu na ushei. Kisanduku kikalia tiki, na pampu ya chokaa, iliyolala tangu kabla ya wageni kufika, ikakohoa, ikatetemesha bomba, ikaanza kunguruma.

Bi Zubeda aliinua kichwa. "Hiyo," akasema. "Huo mngurumo nilikuwa nausikia kule chini kila asubuhi, napalilia nao. Nilidhani mmenunua mpya isiyo na kelele."

Akakaa kwenye ukingo wa mtaro, akajifunika uso kwa ncha ya mtandio, akalia. Nilikaa naye. Nilimshika mkono, nikahisi hasira kwa niaba yake, na furaha, vyote pamoja. Meneja alisimama pale na bakuli lake la siki, kisha akachuchumaa mbele yake.

"Mama, kesho huombi radhi," akasema. "Nitaomba mimi."

Na akaomba. Kesho yake asubuhi alishuka bondeni na buti za mpira, akasimama mbele ya watu wa mfereji wote, wazee wa msikitini na wa kanisani, akawaambia maji yaliyounguza miche yametoka kwake na mama huyu hana kosa. Nilikuwa nimebeba limau, kisanduku kidogo cha betri na ile sensa mfu, tukarudia maonyesho yetu. Mzee mmoja alitaka ijaribiwe kwenye ugoro wake. Saba. Wakacheka, na kicheko hicho kilimaliza maneno mengi. Kisha Meneja akaomba fyekeo akafyeka mfereji pamoja nao hadi mchana, vibaya mno, wakamvumilia. Bi Zubeda alibaki kichwani. Wiki hiyo sisi wa kiwandani tulishuka kwa zamu kumsaidia kupanda matuta upya, na aliyebeba samadi nyingi kuliko wote alikuwa Mama Eliza.

Maskini Mama Eliza. Aliposikia, alikuja chumba cha vipimo na steliwaya yake mkononi kama ushahidi. "Nilitaka ing'ae, mwenzangu," akasema. "Niliona ina ukoko, nikasema wageni watatuonaje." Nilimwambia hakuna aliyewahi kumwambia kuwa kile ni kioo, na kweli hakuwepo. Kuanzia siku hiyo hakuna mlinzi aliyewahi kutokea wa sensa kama yeye. Mtu akipita karibu na mtaro ameshika hata tambara, Mama Eliza alimwuliza anakwenda wapi. Mimi mwenyewe aliwahi kuniuliza.

Hamisi naye hakusahau. Alijifunza kuchovya vikombe viwili, halafu vitatu, akawa fundi mzuri kweli, leo yuko Dar na ana mafundi chini yake, na nasikia anawapigia kelele za vikombe. Jina la Mama Vikombe nililobebeshwa hadi nastaafu lilitoka kwake. Nililikubali kwa sababu lingeweza kuwa baya zaidi.

Limau nalo lilibaki. Tulikubaliana kwamba kila asubuhi, kabla ya kazi yoyote, sensa ya mtaro ichovywe kwenye limau mbele ya yeyote anayetaka kuona. Bafa ni za kusawazishia, limau ni la kuuliza "uko hai?" Ikishuka, twende kazini. Isiposhuka, hakuna bomba linalooshwa. Wiki moja baada ya mkutano wa mfereji, bodaboda ilifika getini na kikapu cha malimau kutoka kwa Bi Zubeda. Wiki iliyofuata tena. Ana mlimau mmoja nyuma ya kitalu, na sijui anaufanyaje, haujawahi kukosa. Mara nyingi yalizidi mahitaji, na kwa kuwa nyumba yangu iko njiani, bodaboda ilikuwa inasimama kwangu kwanza, naondoa machache ya chai, kikapu kinaendelea. Niliyaona kama haki yangu. Mtu akizoea kitu huwa hivyo.

Miaka ilikwenda. Zikaja sensa za kisasa zinazojieleza zenyewe hali zao na kutuma ujumbe kwenye simu, na wewe Rehema ukaja nazo, ukanifundisha kuzitumia bila kunidharau, jambo ninalokushukuru. Siku ile ulipozifunga nilikuuliza kama bado tutachovya limau. Ukasema, "Mama, simu inasema iko salama. Ngoja tuiulize na yenyewe." Nikajua naweza kustaafu.

Kwenye sherehe ya kuniaga mlisema maneno mazuri. Mpole, mvumilivu, hajawahi kukasirika, hajawahi kuchelewa. Kila aliyesimama alisema hivyohivyo, na mimi nikiwa nimekaa pale na shada shingoni nilianza kujikagua kama nimepasuka mahali. Ndipo Bi Zubeda akainuka na mkongojo wake. Mnakumbuka alivyosema: "Mimi huyu simjui mnayemsema. Ninayemjua mimi ni mkali, ana haraka, na alinishika mkono hadi vidole vikauma. Huyo ndiye nimekuja kumuaga." Mlicheka. Mimi nililia, mkadhani ni kwa sababu ya zile zawadi.

Wiki ya kwanza ya kustaafu nilikaa barazani siku ya kikapu, nimeshabandika chai. Nikasikia bodaboda inapanda. Nikasimama, nikachukua bakuli. Kijana akanipungia mkono, akanipita na kikapu chake, akaendelea kupanda kiwandani bila hata kupunguza mwendo.

Nilimpigia simu Bi Zubeda papo hapo. Shikamoo, marahaba, habari za miche, nzuri. Halafu nikamwuliza, kwa adabu, malimau yangu yako wapi.

"Yako?" akasema. "Mwanangu, yale ni ya sensa. Wewe nakusikia mwenyewe kwamba u hai."

Nikarudi barazani. Chai niliinywa kavu, bila limau, na upepo ulipogeuka kuja upande wangu, niliisikia pampu inaanza kunguruma.